Tuzurupo Miji ya Kale
Sisi tufundishao Kiswahili hapa Bujumbura hutamani kuzuru Lamu, Shela, Siyu na Pate, tukaone misikiti ya kale na milango ya nakshi. Tamaa hiyo ni njema. Lakini Kiswahili kilifika ziwani kwetu pamoja na misafara ya pembe na watumwa iliyopitia Ujiji. Na mashamba yaliyoilisha Lamu yalilimwa na watumwa, hadi utumwa ulipokomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Je, yatupasa basi kuinyima miji hiyo heshima? Hasha! Waliomiliki majumba ya mawe na waliotumikishwa humo, wote waliikuza lugha tunayoifundisha. Mgeni mwadilifu huuliza habari za pande zote mbili, naye mwalimu hana budi kuzifikisha darasani bila kuficha.