Je, Mkatoliki ni Mkristo?



Katika makazi yetu haya ya pwani ya kaskazini mwa Cabo Delgado kuna swali linalorudi kila mara, katika vikao vya wazee wa kanisa na hata kwenye foleni ya maji. Mtu huuliza: "Yule ni Mkristo au Mkatoliki?" Anayeuliza haoni ubaya wowote. Lakini swali lenyewe limekwisha kujijibu, maana limemweka Mkatoliki nje ya ua kabla hajafungua kinywa. Tena jambo hili si la maneno matupu. Akifariki mama Mkatoliki na padre wake yuko mbali, au binti wa kwetu akichumbiwa na kijana wa kwao, au familia mbili zikitaka kusali pamoja chini ya turubai moja, jibu letu ndilo linaloamua nani atasimama kaburini na nani atabaki nyumbani. Kwa hiyo tumeona ni vema tulichunguze kwa utulivu, kwa Maandiko na kwa historia.

Sababu zinazotolewa

Tuanze kwa kuwasikiliza wenzetu wanaosema Mkatoliki si Mkristo. Si watu wajinga, na sababu zao zina uzito.

Kwanza, wanasema habari ya wokovu. Tangu Martin Luther alipotoa hoja zake 95 mwaka 1517, Waprotestanti wamefundisha kwamba mwenye dhambi huhesabiwa haki kwa imani peke yake. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulilaani fundisho hilo kama lilivyoeleweka wakati ule. Basi wenzetu husema: anayeilaani Injili atakuwaje ndani ya Injili?

Pili, Mariamu na watakatifu. Tumesoma katika 1 Timotheo 2:5 kwamba mpatanishi ni mmoja tu. Mtu akisikia rozari ikisaliwa na akaona watu wamepiga magoti mbele ya sanamu, huona kwamba Kristo amewekewa washirika.

Tatu, mamlaka ya Papa. Ungamo la Imani la Westminster, lililoandikwa katika miaka ya 1640, lilimwita Papa mpinga Kristo. Neno hilo lilivuka bahari pamoja na wamisionari, na wengine wetu tulilirithi kabla ya kulipima.

Nne, kuokoka. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka kutoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ulitufundisha kuuliza: "Je, umeokoka?" Anayejibu, "Nilibatizwa nikiwa mtoto," huonekana hajajibu kitu.

Iko na sababu ya tano, isiyoandikwa katika Biblia, nayo ni kumbukumbu ya maumivu. Hapa Msumbiji, mapatano ya mwaka 1940 kati ya Ureno na Vatikani, na sheria ya misheni ya mwaka 1941, yaliwapa Wakatoliki nafasi ya mbele katika shule za Waafrika, na makanisa ya Kiprotestanti yakabanwa. Mchungaji Zedequias Manganhela, aliyekuwa kiongozi wa Kanisa la Presbiteri la Msumbiji, alifia gerezani Desemba 1972, mikononi mwa polisi wa siri wa Kireno. Watu hawasahau mambo kama hayo.

Maswali mawili yaliyochanganywa

Tukitazama vizuri, ndugu zangu, tutaona kwamba jina "Mkristo" linatumiwa kwa maana mbili. Maana ya kwanza ni ya nje: mtu aliyebatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, anayekiri kwamba Yesu ni Bwana, kwamba alikufa kwa ajili ya dhambi zetu akafufuka. Maana ya pili ni ya ndani: mtu aliyezaliwa upya kweli, ambaye Mungu peke yake anaujua moyo wake.

Sasa angalieni tunavyopima. Muumini wa kwetu akiwa mlevi na mgomvi, husemwa kuwa ni Mkristo aliyerudi nyuma. Mkatoliki akiwa mlevi na mgomvi, husemwa kuwa si Mkristo. Wa kwetu amepimwa kwa maana ya nje, wa kwao kwa maana ya ndani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Sote tunajua hasira inayotushika wakati wa mgawo, mtu akipimiwa mchele kwa kopo kubwa na mwingine kwa kopo dogo. Mithali 20:10 yasema kwamba Bwana anachukia vipimo vya namna mbili, wala haikusema ni vya chakula tu.

Basi tutumie kopo moja. Tukipima kwa nje, Mkatoliki anakiri imani ya Nikea iliyoanza kuandikwa mwaka 325, imani ileile ya Utatu na ya Mungu aliyefanyika mwili ambayo Walutheri na Waanglikana wanaikiri. Tukipima kwa ndani, hatuwezi kulipima dhehebu zima kwa mara moja, maana mioyo hupimwa mmoja mmoja, na mpimaji siye sisi.

Je, kosa la mafundisho humtoa mtu nje?

Hapo mtu atasema: "Mchungaji, Paulo alimlaani anayehubiri injili nyingine. Soma Wagalatia 1:8." Tumesoma. Ni neno kali, na hatutaki kulipunguza. Lakini tusome mpaka mwisho. Wagalatia walikuwa wanaingia katika kosa la kuongeza matendo ya sheria juu ya imani, na ndilo kosa hasa tunalowashtaki nalo Wakatoliki. Paulo anawakemea na kuwaonya kwamba wanaanguka kutoka katika neema. Pamoja na hayo anawaita ndugu katika 1:11, tena 4:12, tena 5:13, na katika mstari wa mwisho kabisa wa barua anawaaga kwa jina hilohilo. Aliwakemea kwa sababu walikuwa wa nyumbani.

Tena lipo jambo la msingi. Sisi tunafundisha kwamba mtu huokolewa na Kristo kwa imani. Hatufundishi kwamba mtu huokolewa kwa kueleza sawasawa jinsi imani inavyookoa. Mnyang'anyi pale msalabani hakuulizwa maswali ya katekisimu. Richard Hooker, mhubiri wa Kianglikana, alitetea jambo hili London mwaka 1586: kwamba mababa waliokufa ndani ya Kanisa la Roma, wakimshika Kristo huku wakikosea katika mengine, waliweza kuokolewa. Alishambuliwa kwa ajili hiyo. Lakini fikirini: tukisema kwamba asiyeelewa vizuri fundisho la kuhesabiwa haki hana Kristo, tumeugeuza ufahamu wetu kuwa tendo la kujipatia wokovu. Ndipo tutakuwa tumeingia katika kosa lilelile tunalolikemea.

Haki inatudai pia tuseme wanachosema wenyewe. Mtaguso huohuo wa Trento ulifundisha kwamba hakuna kitu kinachotangulia kuhesabiwa haki, iwe imani au matendo, kinachostahili kulipwa neema hiyo. Na tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu fundisho hilo, wakisema kwamba laana za karne ya 16 hazimgusi anayefundisha kama tamko linavyoeleza. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006, na makanisa ya Kireformati mwaka 2017. Wako Waprotestanti wasioridhika na tamko hilo. Lakini baada yake hatuwezi kusema kwa urahisi kwamba Roma inafundisha mtu ajinunulie mbingu.

Tofauti zingine zimebaki. Mkatoliki hutuambia kwamba anamwomba Mariamu amwombee, kama mtu anavyomwomba jirani. Sisi twajibu kwamba hatuoni katika Maandiko mfano wa kuwaomba waliolala. Kuhusu Papa hatukubaliani, wala kuhusu toharani. Na wao pia wana maneno yanayotuumiza: mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitutambua kuwa ndugu waliotengana, lakini hati ya Dominus Iesus ya mwaka 2000 ilisema jumuiya zetu si makanisa kwa maana kamili. Tujadiliane, tena kwa nguvu. Lakini majadiliano ya ndugu ni kitu kimoja, na kumfukuza mtu katika ukoo ni kitu kingine.

Yaliyotokea Uganda

Historia imekwisha kutuonyesha mwisho wa njia hii. Tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo, vijana Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga. Katika mashahidi wa miaka ile, Wakatoliki 22 walitangazwa kuwa watakatifu mwaka 1964, na Waanglikana wanakumbukwa 23. Walikufa kwa jina moja. Lakini Januari 1892, hata miaka sita haijatimia, Wakristo wa Buganda walipigana wao kwa wao pale Mengo. Upande mmoja uliitwa Wafaransa, yaani Wakatoliki, na upande wa pili Waingereza, yaani Waprotestanti. Kapteni Lugard aliwaunga mkono Waprotestanti kwa bunduki yake ya Maxim. Wakatoliki wengi wakakimbilia Buddu. Naam, Wakristo waliwafanya Wakristo wenzao kuwa wakimbizi! Ugomvi wa madaraka ulikuwepo, hatukatai, lakini ulikuta njia imekwisha kulimwa na maneno ya dharau ya miaka mingi.

Hapa kwetu misheni ya Nangololo, wilaya ya Muidumbe, iliharibiwa mwaka 2020. Sista Maria De Coppi aliuawa Chipene, mkoani Nampula, Septemba 2022, baada ya kuitumikia nchi hii tangu mwaka 1963. Hatusemi kwamba muuaji ndiye mwalimu wetu wa theolojia. Kuuawa hakuthibitishi fundisho. Lakini tunda la maisha ni ushuhuda, na Bwana alisema miti hutambuliwa kwa matunda.

Basi tufanyeje?

Mwingine atasema: "Kwani lazima awe Mkristo ndipo nimpende? Hata jirani yangu Mwislamu aliyekimbia pamoja nami nampenda." Amina, na iendelee kuwa hivyo, kumzika jirani na kumgawia maji hakungoji dini. Lakini kumnyima mtu jina ambalo ni lake ni kumshuhudia uongo. Amri hiyo ni ya tisa kwa hesabu yetu na ya nane kwa hesabu ya Wakatoliki, lakini ni amri ileile moja.

Kwa hiyo tunashauri haya. Mkatoliki akifiwa na padre hayupo, twende, tuimbe, tuombe, kwa ruhusa ya wenyewe na katekista wao. Vijana wanaochumbiana wafundishwe tofauti zilizopo bila kufichwa, maana ndoa si mahali pa kugundulia mambo hayo. Makanisa yetu yasiyobatiza watoto yaseme wazi kwamba yangembatiza tena hata Mlutheri. Yasimwambie Mkatoliki kwamba alikuwa mpagani. Na swali la "Umeokoka?" tuendelee kuliuliza, tukianza na viti vya mbele vya kanisa letu wenyewe.

Kule kwenye foleni ya maji, mtoto akiuliza tena kama yule ni Mkristo au Mkatoliki, mzazi amjibu: ni Mkristo wa Kikatoliki, na sisi ni Wakristo wa Kiprotestanti, na Bwana wetu ni mmoja.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote.