Bao Moja kwa Kila Mechi

Mashindano ya CHAN, yaani kombe la Afrika linalowahusu tu wachezaji wanaosakata kandanda katika ligi za nchi zao, yaliandaliwa Agosti 2025 na Kenya, Uganda na Tanzania, na shabiki wa Nakuru, aliyeshuhudia klabu ya Ulinzi Stars ya uwanja wa Afraha ikitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2010, ana haki ya kuitathmini Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, bila kuipamba wala kuibeza. Timu hiyo ya kocha Benni McCarthy, iliyoshiriki kwa mara ya kwanza, iliongoza kundi lenye DR Kongo na Moroko, ambazo zilikuwa zimelitwaa kombe hilo mara 2 kila moja, na ingawa kadi nyekundu ziliiacha na wachezaji 10 dhidi ya Angola na Moroko, haikushindwa katika mechi yoyote ya kundi. Ngome, yaani safu ya ulinzi, iliyofungwa mabao 2 tu katika mechi 5, inastahili heshima kubwa.

Kasoro ilikuwa mbele. Kenya ilifunga bao 1 katika kila mechi, wala si zaidi, na katika robo fainali ya Agosti 22 dhidi ya Madagaska bao hilo lilitoka kwa beki, Alphonce Omija, kwa kichwa. La pili halikuja, Madagaska ikasawazisha kwa penalti, kisha ikashinda 4-3 kwa mikwaju inayopigwa baada ya muda wa nyongeza kumalizika. Inauma zaidi kwamba Moroko, iliyolazwa na Kenya 1-0 katika uwanja wa Kasarani, ndiyo iliyonyanyua kombe uwanjani humo humo.