KIJANA, BETSERI YAKO NI NANI?

Kijana mwenzangu uliyepewa karatasi hii hapa uwanjani, usiikunje kwanza! Huenda umetoka Nyarugusu au Rwamagasa. Huenda umeshuka leo kwenye basi la Shinyanga, una begi mgongoni, unatafuta duara la kuingia. Nakuuliza: BETSERI ni nini? Hujui, na si kosa. Mimi niliishia darasa la saba, neno hili nilionyeshwa kwenye kozi ya Biblia, na usiku ule sikulala.

Ni neno la Kiebrania. Dhahabu ya kawaida Waebrania waliiita ZAHABU, karibu sawa na sisi, na neno hilo limo katika Agano la Kale mamia ya mara. Lakini BETSERI kwa maana ya dhahabu limo mistari miwili tu, tena inayofuatana: Ayubu 22:24 na 25. Wataalamu wengi wanaona ni dhahabu ambayo haijatoka kwenye jiwe. Basi hapo wewe unajua kuliko profesa! Ni lile jiwe la kwenye kiroba, mnalolipandisha kwa kamba usiku, na hakuna anayejua lina kitu au halina mpaka lipite kwenye karasha, lioshwe, litiwe zebaki, lichomwe. Watu wanakopa unga kwa ajili ya jiwe hilo. Wanaoa kwa ajili yake.

Sasa sikiliza. Elifazi anamwambia Ayubu aiweke betseri yake mavumbini, aiache dhahabu ya Ofiri kwenye mawe ya kijito. Yaani ilikotoka, irudi. Halafu anasema Mwenyezi MWENYEWE atakuwa betseri yako. Neno lilelile! Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliandika dhahabu mstari wa kwanza, ngome mstari wa pili, na msomaji angeweza kupita bila kuona kwamba ni neno moja.

(Najua, Elifazi alimhukumu Ayubu vibaya, na Mungu alimkemea, sura ya 42. Lakini Ayubu naye, 31:24, anakubali ahukumiwe kama aliifanya dhahabu tumaini lake. Hapo hawakugombana.)

Nilipokuwa na miaka 19 duara letu lilikaa miezi saba bila kutoa kitu. Tukaenda kwa mganga. Akataka kuku mwekundu, tukatoa. Akataka mbuzi mweusi, tukatoa. Mara ya tatu akasema mwamba sasa unataka damu ya mtu. Nilidhani mwenye duara atakasirika. Hakukasirika. Alituangalia mmoja mmoja, na wenzangu wawili wakatikisa kichwa kukubali. Nikatoroka usiku uleule kwa miguu, viatu nikaviacha. Na SIKUMWAMBIA MTU. Hilo ndilo lililonitesa miaka, siyo njaa.

Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mvulana mwenye ualbino. Niliposikia nilitetemeka. Hawakuwa wale wenzangu, lakini mlango niliokuwa nimesimama ni uleule: uongo kwamba kiungo cha mtu huleta utajiri. Ndugu yangu, betseri ikishakuwa mungu wako, haitosheki na kuku.

Kuna kitu kingine. Herufi zilezile tatu za Kiebrania zinaandika jina la mji, Bezeri, mmoja wa miji sita ya kukimbilia (Yoshua 20:8). Sisemi jina la mji lina maana ya dhahabu. Ila tazama aliyekimbilia huko alifanya nini: alisimama langoni, akawaeleza wazee habari zake, wakamwingiza na kumpa mahali pa kukaa. Aliyeua kwa kukusudia mji ule haukumlinda. Damu ya YESU inamsafisha hata huyo, akitubu, ingawa mahakamani atajibu.

We kijana, umeambiwa ulete nini? Kama kuna mtu anawindwa na wewe unajua, usisubiri mahubiri ya kesho. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nenda polisi, LEO. Usifanye kama mimi.

Kisha sema hivi, hata kimoyomoyo: Bwana Yesu, nimetumainia jiwe. Naliweka chini. Nisamehe, uwe wewe betseri yangu. Amina.

Ukishasema, njoo. Nipo upande wa kulia wa jukwaa mpaka jenereta izimwe.