Lawama na Dawa

Miongoni mwa maswali ya maadili yasiyojibika kwa wepesi ni hili: Je, mtu aliyejitakia maradhi kwa mkono wake ana haki ya kutibiwa sawa na aliyepatwa kwa kudra? Katika visiwa vya Unguja na Pemba swali hili huulizwa juu ya mtumwa wa unga, yaani heroini, ambaye lugha ya mitaani humwita teja.

Wako wasemao kwamba hana haki hiyo. Hoja yao si ya kudharauliwa, maana hutoka vinywani mwa wazazi walioibiwa na watoto wao wenyewe. Alionywa, akapuuza, basi na avune alichopanda. Lakini hoja hii na ipimwe kwa mizani ya Konde, kaskazini mwa Pemba, wakati wa msimu wa karafuu. Mchumaji hukwea mkarafuu kwa hiari, naye ajua kuwa matawi yake huvunjika upesi. Akianguka na kuvunjika mguu, mganga hamwulizi nani alimtuma juu. Humfunga banzi kwanza, nasaha hufuata. Yawezekana kujibiwa kwamba mchumaji alitafuta riziki na teja alitafuta anasa. Ni kweli, lakini tofauti hiyo ni ya kadhi, si ya mganga. Kadhi hupima kitendo. Mganga hupima jeraha.

Tena hiari ya teja haidumu. Baada ya muda mwili hudai unga kama kiu inavyodai maji, na akiukosa hushikwa na arosto: maungo humuuma, hutapika, huharisha, na usingizi humkimbia. Kumwambia aache kwa nguvu ya moyo peke yake ni kumwagiza aliyevunjika mguu atembee.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: kwamba methadoni, dawa apewayo teja, nayo ni ya ukoo wa kasumba, na kwa hiyo ni kutoa ulevi kwa ulevi. Ukoo ni mmoja, lakini tabia ni mbali. Unga hupanda ghafula na kushuka baada ya saa chache, ukamrudisha mtu kuutafuta mara kadhaa kwa siku. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, na kipimo kikiwa sawa haimlevyi aliyekizoea. Humwachia siku yake afanye kazi na kulea watoto. Kipimo kikizidi huweza kuua, na ndiyo sababu hunywewa mbele ya muuguzi. Mgonjwa wa kisukari adungwaye insulini kila siku haitwi mtumwa wa insulini. Shirika la Afya Duniani liliitia methadoni katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2005.

Likisha swali la haki, huja la masafa. Tanzania ilianza tiba hii Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, na Zanzibar ikaianza Kidongo Chekundu, Unguja, mwaka 2015. Bahari ya kiasi cha kilomita 50 hutenga Unguja na Pemba. Tiba ya kunywewa kila siku ikiwa ng'ambo ya bahari, kwa mtu wa Konde ni kama haipo. Ufaransa iliwaruhusu madaktari wa kawaida kutoa buprenofini, dawa ya jamii hiyo hiyo, mwaka 1995; ilipofika 1999 vifo vya kuzidisha dawa za kulevya vilikuwa vimepungua kwa karibu asilimia 79. Baadhi ya vidonge viliuzwa vichochoroni, na ubaya huo haufichiki. Lakini ni dosari ya ulinzi, ambayo hurekebishwa, na maiti haifufuliwi.

Zanzibar ilitangaza matibabu bure, wala haikusema bure kwa wasio na lawama. Kituo cha afya cha kijijini kimpokeacho mwenye homa na mjamzito kina deni pia kwa teja. Kumtibu si kusifu kosa lake. Ni kumrudishia akili timamu ambayo kwayo ataweza kujuta, kuomba radhi, na kulipa alichoiba.