Je, Tunawiwa na Nyuki?

Wahenga walisema, "Fuata nyuki ule asali." Methali hii ni njema, lakini kila niifikiripo naona inamtazama nyuki kwa jicho la mlaji tu. Inatuambia tutakachopata kwake. Haituulizi tunachowiwa naye.

Tuchukue mfano wa mmea wa maboga, ambao wengi tunao uani. Mmea mmoja huwa na maua dume na maua jike. Hufunguka alfajiri, na jua likishapanda hujifunga. Chavua yake ni nzito tena hunata, upepo hauibebi. Nyuki asipopita katika saa hizo chache, kiboga kichanga kilicho chini ya ua jike hugeuka manjano, kikasinyaa na kuanguka. Nasi huilaumu mbegu, au udongo, au hata jicho la jirani.

Mtu aweza kunijibu kwamba nyuki hana nia ya kunisaidia. Anatafuta chakula chake, na pasipo nia hapana deni. Hoja hii ina uzito. Lakini hebu tutazame vanila. Ilitolewa Mexico, wadudu wake wakabaki huko, na ugenini ikawa haizai. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, alionyesha jinsi ya kuichavusha kwa kijiti na kidole gumba. Hadi leo wakulima wa Madagascar na Uganda hufanya hivyo, ua moja moja, kwa mkono. Hapo ndipo huonekana ukubwa wa kazi tunayofanyiwa bure. Albius mwenyewe alikufa fukara mwaka 1880, huku wengine wakitajirika. Binadamu ni mwepesi wa kusahau jasho asilolilipia.

Hata hivyo, tuseme nyuki hatudai kitu. Jirani je? Nyuki aliyenyonya sumu niliyopulizia maua yangu asubuhi ndiye aliyekuwa njiani kwenda kwenye maboga yake. Ua wangu ni mali yangu, lakini nyuki hajui mipaka ya viwanja. Boga la mwenzangu likianguka, mkono wangu umo, ijapokuwa sikuvuka uzio. Na hilo ni deni la mtu kwa mtu, halina ubishi.

Sisemi tutundike mizinga milangoni. Nyuki wetu ni wakali, na watoto wanacheza. Nasema tuache mrehani utoe maua kabla ya kuukata. Tuache pembe moja ya uwanja bila kuilima wala kuifagia kila siku, kwani nyuki wa aina nyingi huishi ardhini. Tuache gogo kavu kwa yule mkubwa mweusi atoboaye mbao. Na ikibidi kupulizia dawa, tungoje jioni, nyuki wakisharudi makwao; tena tuyaepuke maua, maana sumu nyingine hulala hapo hadi kesho.

Haya hayagharimu pesa. Yanachotaka ni tukubali kwamba si kila kilichomo uani mwetu ni chetu peke yetu.