Ulikuwa Wapi Siku Zote?

Jioni moja, baada ya kumzika babu huko Nyarero, shangazi yangu alitamka jambo alilolifungia kifuani kwa zaidi ya miaka 20. Alipokuwa msichana, jirani mmoja alimbaka akitoka mtoni. Wazee walinyamaza. Mimi, msomi wa ukoo, nikawa wa kwanza kufungua kinywa: "Shangazi, ulikuwa wapi siku zote hizo?"

Akanitazama. "Nilikuwa hapa hapa, mwanangu."

Nilidhani nimesema kama sheria isemavyo. Kumbe sivyo. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 humpa anayedai fidia ya madhara aliyotendewa miaka mitatu tu, lakini haigusi mashtaka ya jinai. Na kubaka ni jinai nzito. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, mtu mzima akitiwa hatiani hafungwi chini ya miaka 30. Jamhuri yaweza kumshtaki hata akiwa na mvi.

Hata hivyo, Mahakama ya Rufani imekwisha kusema mara nyingi kwamba shahidi anayemtaja mhalifu mapema huaminika zaidi, na anayechelewa bila sababu hutiliwa shaka. Siilaumu. Jirani huyo akishtakiwa leo, na tuseme hakutenda, atampata wapi wa kukumbuka kwamba siku ile alikuwa mnadani? Fomu ya polisi ya matibabu haipo. Waliomwona binti akirudi na ndoo tupu wamekufa.

Lakini yale maneno "bila sababu" hayanitoki. Sababu za shangazi tulikuwa sisi. Angesema, baba yake angehesabu kwanza ng'ombe wa mahari watakaopungua. Shauri lingepelekwa kwenye ritongo, waketipo wanaume, likamalizwa kwa ng'ombe ambaye yeye asingemkama. Tukamziba mdomo, kisha tukamdai maelezo ya ukimya wake! Mahakama hiyo hiyo ilisema mwaka 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa aliyetendewa. Basi ushahidi ulikuwapo miaka yote, ukituchotea maji.

Sijamwuliza kama anataka kwenda polisi. Nimeanza mara mbili nikageuza mazungumzo yakawa ya mvua. Mtu yule yu hai. Siku ya mazishi aliketi pamoja nasi, akapewa kigoda, na ni mimi niliyemmiminia maji ya kunawa.