Nani Aliye Karibu na Damu Hii?

Mahubiri ya Jumapili, ibada ya pili
Somo: Kumbukumbu la Torati 21:1-9

 

Tukifungua Kumbukumbu la Torati wengi wetu tunakimbilia sura ya 28, ile ya kuwa kichwa na si mkia. Hapo amina zinatoka mpaka viti vinatikisika. Sura ya 21 haina wateja. Sijawahi kuona mtu ameiandika kwenye kioo cha nyuma cha gari. Lakini hii wiki, kwa sababu ya mambo yaliyotupata hapa, Mchungaji aliniomba niifundishe, na nilipoisoma niliona ni kama imeandikwa kwa ajili ya barabara yetu.

Habari yenyewe ni fupi. Mtu amepatikana amekufa, amelala nje. Hakuna anayejua aliyemuua. Hakuna mshukiwa, hakuna aliyejitokeza. Huku kwetu faili ingefungwa hapo, tungechanga pesa ya jeneza na maisha yaendelee. Mungu anasema hapana. Wazee na waamuzi watoke, washike kamba, wapime umbali kutoka pale maiti ilipo hadi kila mji ulio kando kando. Ule mji utakaokuwa karibu zaidi, wazee wake ndio wanaobeba mzigo. Wanatoa mtamba ambaye hajawahi kufanyishwa kazi wala kuvuta nira, wanamshusha kwenye bonde lenye maji yanayotiririka, wanamvunja shingo. Kisha makuhani wanakaribia, na wale wazee wananawa mikono juu ya huyo mtamba na kutamka kwamba si wao walioimwaga ile damu, na kwamba macho yao hayakuiona ikimwagwa. Ndipo wanamwomba Mungu asiihesabu damu hiyo juu ya watu wake.

Mnajua mimi nilisomea biashara, kwa hivyo macho yangu yalienda kwanza kwa gharama. Mtamba si jogoo wa Krismasi. Mtamba ni maziwa ya miaka mingi, ni ndama, kwa mama wa kijijini ni karo ya shule. Na mji unampoteza kwa ajili ya kifo ambacho haukusababisha. Sasa hebu fikiria huo mji mwaka unaofuata. Unadhani wataacha kichaka kimee kando ya njia? Watafyeka. Watauliza, yule kijana anayezurura huko usiku ni wa nani? Sheria hii ilimfanya kila mwenyeji awe na haja na usalama wa mpita njia asiyemjua hata jina. Mungu aliweka bei, na bei hufanya watu waamke.

Sasa njoo Kenya. Kwa hesabu ya NTSA, barabara zetu zinaua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka, na kundi kubwa zaidi si walio ndani ya magari. Ni watembea kwa miguu. Tarehe 30 Juni 2023 pale Londiani, kwenye makutano ya barabara katika Kaunti ya Kericho, lori liliacha njia likavamia matatu na watu waliokuwa wakiuza na kununua kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa jioni moja. Tulilia wiki nzima. Wiki ya pili tulikuwa tumerudi kuovalapu.

Na tuna msemo wa kutuliza dhamiri: ajali haina kinga. Tunausema kwenye matanga tukitikisa kichwa. Samahani, lakini gari lisilo na breki kuteremka mlima si ajali, hiyo ni hesabu inayojulikana jibu lake. Dereva aliyeamka saa tisa usiku na bado yuko kwa usukani saa tatu usiku, akisinzia akaingia mtaroni, nani ameshangaa? Sura inayofuata hii yetu, mstari wa 8, Mungu anaagiza mtu akijenga nyumba azungushe ukuta kwenye paa, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Kwa hivyo kwa Mungu kinga ipo. Mwenye nyumba ndiye hakujenga.

Basi tushike kamba tupime.

Dereva yuko karibu, hilo halina ubishi, na sitapoteza wino juu yake kwa sababu yeye tunamlaumu kila siku. Askari anayenyoosha mkono dirishani naye yuko karibu. Lakini ukipima kwa uaminifu, kuna watu wawili karibu sana ambao huwa hatuwahesabu, na wote wawili walikuwa wamekaa hapa Jumapili.

Wa kwanza ni mwenye gari. Tuko na wenye magari hapa, na Mungu awazidishie. Lakini tuseme ukweli kuhusu hesabu. Unamwambia dereva kila jioni nataka shilingi fulani mkononi, zikizidi ni zenu wewe na makanga. Mvua inyeshe, kuwe na jam, mafuta yapande, hesabu ni ile ile. Darasani tulifundishwa kwamba ukitaka kujua biashara inaamini nini, usisome maneno yaliyobandikwa ukutani, angalia inamlipa mtu kwa kitu gani. Gari lako limeandikwa "Yesu ni Bwana" kwa nyuma. Lakini malipo yako yanamwambia dereva kitu kingine. Yanamwambia saa moja ya kufuata foleni ni unga wa watoto wake unaopotea. Halafu akipanda juu ya njia ya miguu pale Jogoo Road unasema hawa vijana hawana adabu. Wamekuelewa vizuri sana! Na Kutoka 21:29 haijakuacha: ng'ombe akijulikana kuwa na tabia ya kupiga watu pembe, mwenyewe ameonywa na hakumfunga, akiua mtu, mwenye ng'ombe naye anabeba hatia. Kama unajua tairi limekwisha, umeonywa.

Najua mtu atasema, pasta, nikipunguza hesabu mkopo wa benki nitalipa na nini? Ni swali la haki na sitalirukia. Lakini kuna gharama ambayo haiko kwenye daftari lako kwa sababu inalipwa na mtu mwingine, kwa mguu wake au kwa mtoto wake. Biashara ambayo faida yake inapatikana tu kama mtu mwingine analipa hivyo, hiyo haijapata faida bado. Imekopa bila kuuliza. Na zaka ya pesa hiyo, ukileta hapa madhabahuni, Mungu anajua ilitoka wapi.

Wa pili ni abiria. Ni mimi na wewe. Gari la watu 14 limebeba 19, mbao imewekwa katikati ya viti, na wewe mwenyewe unasongea ili wa ishirini apate pa kukalia. Dereva akifuata foleni tunalalamika, "Dere, si ukanyage, tumechelewa." Akifika kwa askari, makanga anashuka na noti iliyokunjwa, na gari zima linaangalia simu. Umewahi kuona ukimya wa namna hiyo? Hata kwenye maombi ya kufunga hatunyamazi vile. Na wenye magari madogo msicheke. Watu ambao hawawezi kupishana kwenye mzunguko, kila mtu ameingiza pua ya gari lake mpaka hakuna anayesonga, hao hao wakiona trafiki mbele wanawashiana taa kuonyana. Upendo kwa jirani upo Kenya. Tunauonyesha pale tunapokwepa sheria.

Hili lingine nitalisema taratibu. Hapa hapa, kwenye kipindi cha ushuhuda, tumesikia mtu akisimama na kusema alisimamishwa bila leseni, akaomba kimoyomoyo, na Bwana akampa kibali mbele ya askari kwa shilingi 200. Tukapiga makofi. Mpendwa, kibali cha shilingi 200 kina jina lake, na si jina la Bwana. Tumekubaliana na Mchungaji na wazee kwamba ushuhuda wa namna hiyo hautapewa maikrofoni tena.

Tusiseme haiwezekani kubadilika. Wenye umri wangu mnakumbuka Februari 2004, kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutumika. Vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mshipi kila kiti, mstari wa manjano ubavuni, dereva na makanga na sare zao, hakuna kusimama ndani ya gari. Siku za kwanza watu walitembea kwa miguu kwenda kazini kwa sababu matatu nyingi hazikuwa tayari. Baadaye magari yakarudi, na watu wale wale, kwenye barabara zile zile, wakakaa mmoja kwa kila kiti na kufunga mshipi. Abiria alikuwa akimwambia makanga, huyu umezidisha. Ilikuwa Kenya hii hii. Lakini tulivyoziita ndivyo zilivyokufa. Tulisema sheria za Michuki, kana kwamba ni mali yake binafsi, na alipohamishwa wizara nyingine tukamrudishia pole pole. Hatukuwahi kusema sheria zetu.

Sasa nimefika mahali ambapo hata madhabahuni sauti ilinikwama.

Wiki tatu zilizopita tulimzika kijana wa kwaya yetu, aliyekuwa akiendesha boda. Aligongwa saa moja jioni na gari lililokuwa upande usio wake, na gari halikusimama. Nilitoka siku ya Jumatano nikapima kwa hatua zangu. Kutoka pale alipoanguka hadi lango la kanisa ni hatua 240. Hakuna shule wala duka kubwa wala kanisa lingine lililo karibu zaidi. Kwa sheria ya Kumbukumbu la Torati, mji ni sisi.

Na kwenye mazishi wote tuliosimama tulisema ni mapenzi ya Mungu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Hakuna aliyeuliza gari lilikuwa la rangi gani. Lakini siku zilizofuata nimesikia, kwa kunong'onezwa, kwamba steji ilikuwa imejaa jioni ile, na kwamba wako watu wa kanisa hili walioona namba ya gari. Mmoja anasemekana aliiandika kwenye simu. Polisi wanasema hawana shahidi hata mmoja. Mama yake kijana anakaa safu ya tatu kila Jumapili, katikati ya watu wanaojua.

Nawaelewa, na sitaki mtu afikiri nawadharau. Kwenda kituoni kuandikisha taarifa Kenya si jambo dogo. Unaogopa utaitwa kortini miaka minne, unakosa kazi, kesi inaahirishwa. Unaogopa wenye gari watajua nyumba yako. Hofu hiyo si ya kijinga. Yule kuhani na yule Mlawi waliopita upande wa pili kwenye barabara ya Yeriko huenda nao waliogopa. Lakini rudi uangalie wale wazee kwenye bonde. Walinawa mikono na kusema macho yao hayakuona, na lilikuwa kweli, ndiyo maana Mungu aliwasamehe. Kuna mwingine kwenye Biblia aliyenawa mikono mbele ya umati. Pilato alikuwa ameona. Alijua mtu aliye mbele yake hana hatia, akaitisha maji hata hivyo, na maji yale hayakumsafisha. Tendo ni lile lile, tofauti ni macho.

Na yule aliyekabidhiwa kwa askari siku ile alitolewa nje ya mji, akavunjwa kwa ajili ya damu tuliyoimwaga na tuliyoitazama tukanyamaza. Damu yake, Waebrania wanasema, inanena mema kuliko ya Habili. Inanena msamaha, haleluya. Lakini Habili hakuacha kuwa ndugu, na mama yake bado ana swali. Aliyesamehewa anaweza kusimama kortini bila kutetemeka, maana kesi yake kubwa ilishakwisha.

Kwa hivyo. Jumanne saa tatu asubuhi nitakuwa kwenye lango la kanisa. Ndugu mmoja wakili katika ushirika wetu amekubali kwenda nasi bila malipo na kukaa na wewe mpaka mwisho wa taarifa, na pia atakueleza kuhusu ulinzi wa mashahidi kama una wasiwasi. Ukipenda kuja kwangu usiku kwanza, njoo usiku, Nikodemo alikuja usiku. Wenye magari tukutane Jumamosi saa nne, chumba cha vijana. Kujeni na daftari za hesabu, na dereva wako pia, tusikie kutoka kwake.

Kwa wa Jumanne, namba ya OB ninayo. Wewe beba kitambulisho, na ile simu.